Aliyeanguka Haandikwi

Kazi yangu ni kutunza panya. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia niko kwenye taasisi ya utafiti wa ubongo hunipa kiti kizuri na kuanza kunieleza maumivu yao ya kichwa. Mimi ubongo siujui. Najua panya: wanakula kiasi gani, nani kamng'ata nani, na yupi anaumwa kabla hajaonyesha. Nimekaa nao miaka kumi na tisa katika chumba kisicho na dirisha, na hata nioge vipi, mpwa wangu alikuwa akiniambia nanuka pumba.

Miaka mitatu ya mwisho tulikuwa na mradi mmoja tu, wa dawa ya peptidi. Daktari, mkuu wetu, mwanamke mwembamba ambaye hajawahi kunywa chai ikiwa bado ya moto, aliwahi kunieleza kwa mfano wa shanga. Mwili wenyewe hutunga vijiprotini vifupi vya kupeleka habari kwenye ubongo. Kimoja kinasema ogopa, kingine kinasema tulia. Wao walikitunga kile cha tulia kwa mashine, shanga moja baada ya nyingine, kisha wakabadilisha shanga ya mwisho ili mwili usikivunje haraka. Kilikuja kama unga mweupe, kidogo kabisa, chini ya kichupa. Unachanganya na maji safi, unadondosha puani. Cha asili hudumu dakika chache tu, lakini chetu kilidumu saa nyingi, na kwa aliyekizoea kilibaki mwilini hata zaidi ya wiki.

Kupima hofu ya panya tulikuwa na kifaa tulichokiita njia panda: mbao nne zilizokutana katikati, juu ya nguzo inayonifikia kiunoni. Mbao mbili zina kuta, mbili hazina. Panya mwenye akili zake hujibanza kwenye kuta. Akijaribu ubao wa wazi huchungulia ukingoni, akaona sakafu ilivyo mbali, akarudi mbio. Unampa dakika tano, na kadiri anavyokaa nje ndivyo unavyosema hofu imempungua. Mimi ndiye niliyemweka katikati, nikabonyeza saa, nikaandika.

Sasa, panya huanguka. Si mara nyingi. Mguu huteleza, au mtu kabamiza mlango huko nje. Kwa hiyo palikuwa na sheria, imebandikwa ukutani tangu kabla sijaajiriwa: aliyeanguka haandikwi. Unamwokota, unamrudisha kwenye tundu lake, karatasi yake unaipiga mstari na kuitupa kwenye boksi chini ya meza, unamleta mwingine. Ni sheria nzuri, kwa sababu panya aliyeteleza hakuelezi lolote kuhusu hofu, na mimi ni mtu wa sheria. Daktari alinisifu mbele ya wageni kwamba karatasi zangu ni safi kuliko za mtu yeyote. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Nyumbani nilikuwa na mdogo wangu. Tulimwita Komeo, utani wa familia uliobaki hata ulipoacha kuchekesha. Kila jioni alikagua komeo la mlango mara saba, na akipotewa na hesabu alianza upya. Hofu yake haikuwa na sababu unayoweza kuishika. Ilimjia akiwa anakunja nguo: moyo unamwenda mbio, mikono inakufa ganzi, anashika ukuta na kusema leo ndiyo mwisho. Barabara ndiyo ilimshinda kabisa. Alifika getini, akasikia gari, akarudi ndani jasho likimtiririka. Mumewe alivumilia miaka minne, kisha akaondoka akisema hakuoa ili awe askari jela. Nikahamia kwake kwa sababu ya mtoto.

Mtoto alikuwa na miaka saba, na nilimpachika jina la Swali kwa kuwa hakuwa na sentensi nyingine. Kwa nini panya hana shingo? Mjomba, wewe ulitaka kuwa nani kabla hujawa wa panya? Asubuhi nilimpeleka shule mimi, mchana jirani alimrudisha pamoja na wa kwake. Mama yake alibaki dirishani akisubiri, na alipomwona anaingia getini ndipo alipokaa chini. Aliniambia hataki makubwa katika maisha. Anataka siku moja amshike mwanawe mkono, ampeleke mwenyewe.

Ndiyo maana dawa ilipovuka kutoka kwa panya kwenda kwa watu, nilikuwa wa kwanza kuchukua fomu. Walitaka watu sitini wenye hofu kama ya Komeo. Kwenye fomu palikuwa na swali: je, una ndugu anayefanya kazi katika taasisi hii? Ukijibu ndiyo, unaachwa. Nilimwambia mdogo wangu aandike hapana. Alinitazama, maana sisi hatukulelewa hivyo, lakini aliandika. Siku ya kumpeleka nilimfunika macho kwa kitambaa ndani ya gari, nikamshusha mlango wa nyuma, na wafanyakazi wenzangu niliwaambia ni jirani yangu.

Alipewa kichupa cha kuweka kwenye friji, matone mawili kila tundu la pua, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Wiki ya pili nilimsikia anaimba jikoni, nikadhani ni redio. Wiki ya tatu nilirudi nikamkuta amekaa nje ya geti kwenye kiti, anamenya viazi na kuwasalimu wapita njia, ambao nao walikuwa hawamjui. Wiki ya tano, siku ya Jumatatu, alivaa viatu vilivyokuwa vimekauka kwa kutovaliwa, akamshika Swali mkono, wakaenda shule. Mimi niliwafuata kwa nyuma, nikijificha kama mwizi. Nilipofika kazini nilikaa kati ya matundu ya panya na kulia hadi kamasi zikanitoka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kwa hiyo mambo madogo niliyaona na kuyapuuza. Sufuria iliungua jikoni naye ameketi hapo hapo, akasema si imeungua tu. Aliushika mpini wa moto, akautazama mkono wake unavimba, ndipo akauweka majini. Mlango aliuacha wazi mchana kutwa. Yule aliyekagua mara saba sasa hakukagua hata mara moja. Nilimtania kwamba itabidi tumtafutie jina jingine. Akacheka, nikacheka.

Jumamosi moja tulitoka pamoja kununua sabuni. Tulifika barabarani, na lori lilikuwa linakuja. Hakusimama. Hakuongeza mwendo wala hakugeuza uso, alitembea tu kama anavuka sebule. Breki zililia, dereva akatoa kichwa na kututukana hadi mababu. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kama hakuliona.

"Nililiona," akasema. "Si amesimama?"

Ndipo nikamwona panya. Sizungumzii panya yeyote, nazungumzia wale niliokuwa nikiwaokota. Panya anayeteleza hukwaruza ubao na kucha, anapiga kelele, anajaribu kujishika. Wale wa dawa hawakukwaruza chochote. Walitembea kwenye ubao wa wazi wakafika ukingoni wakaendelea kutembea, na ubao ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu haya. Niliwaokota, nikawapangusa, nikapiga mstari kwenye karatasi.

Jumatatu nilivuta lile boksi chini ya meza. Kwa kuwa mimi ni mtu safi, sikuwahi kulimwaga. Nilikaa sakafuni nikapanga karatasi kwa makundi. Panya waliopewa maji matupu, walioanguka ni wawili. Waliopewa dawa, thelathini na mmoja. Nikarudia kuhesabu nikitumaini nimekosea, na sikuwa nimekosea. Dawa ilionekana nzuri hivyo kwa sababu wale iliowazidi niliwatupa kwenye boksi kwa mkono wangu, nikasifiwa kwa usafi.

Nilimpelekea Daktari siku hiyo hiyo. Sitaki mtu amwone kama mtu mbaya, maana hakuwa. Alizisoma zote, akavua miwani, akasema hili ni jambo zito na litaenda kwenye kamati inayokaa mwisho wa mwezi. Kusimamisha majaribio ya watu leo kwa ajili ya boksi la karatasi zilizopigwa mstari hawezi, alisema, kwa sababu katika watu sitini hakuna aliyepata madhara. Aliniuliza kama kuna jingine ninalolijua. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Nilikuwa niseme: yumo mdogo wangu, juzi nusura agongwe na lori. Nikaona fomu, nikaona neno hapana, nikaiona miaka kumi na tisa na barua ya kufukuzwa. Nikasema hakuna. Nikajiambia nitamwachisha Komeo dawa mwenyewe, kimyakimya, na yote yatakuwa yamekwisha.

Jioni nilimkalisha chini. Nilimweleza kuhusu panya, bila kuficha. Nilimwambia atakufa. Nilimwambia Swali atabaki yatima, na kama kuna neno baya zaidi nililolijua nililitumia. Alinisikiliza kwa adabu zote, mikono mapajani.

"Kaka, nakusikia," akasema. "Maneno yako yote naona ni ya kweli. Ila hayanigusi popote. Zamani ungeniambia hivyo ningekuwa nimeshaanguka hapa chini."

"Basi acha dawa kwa sababu nimekuomba."

"Nirudi dirishani? Hapana. Kwa hilo usiniombe."

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa ile dawa ulivyo. Unamwonya mtu kwa kutumia hofu yake, na yeye hana. Nilibaki natafuta pa kumshika, sipaoni. Mwishoni tulikubaliana kwamba Swali nitampeleka mimi asubuhi, na mchana atarudi na jirani kama zamani. Alikubali upesi mno, kwa vile halikuwa jambo kubwa kwake. Ningeweza kukichukua kile kichupa nikakimwaga. Nililifikiria hilo, nikaona nitamkosesha raha ghafla, nikasema nitakimwaga mwisho wa wiki tukiwa tumeelewana.

Alhamisi mtoto wa jirani aliumwa tumbo, hakwenda shule, na jirani hakwenda kumchukua yeyote. Komeo aliposikia hivyo alivaa viatu akaenda mwenyewe. Yaliyofuata nimeyapata kwa fundi viatu anayekaa mkabala na shule, mtu asiyetia chumvi. Alisema waliteremka barabarani wameshikana mikono. Gari dogo lilikuwa linakuja kwa kasi. Mtoto aliliona. Alisimama, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, viatu vyake vikiburuzika, akimvuta mama. Mama naye akimvuta mbele, bila hasira, kama unavyomvuta mtoto anayekataa kwenda kuoga.

Komeo alivunjika mkono. Swali alifariki hospitali saa nane na robo.

Nilipofika, mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la varanda, mkono umefungwa bandeji. Alikuwa amemwelekeza mwanamke mmoja ofisi ya kadi. Aliponiona alisogea ili nipate nafasi ya kukaa.

"Kaka, amefariki," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba maji yamekatika. Kisha akanitazama nikilia, akaniuliza taratibu, "Mbona mimi haiji?"

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Daktari nikasema yote, fomu na mengine. Aliuliza swali moja tu, kama siku ile nilipoleta karatasi nilikuwa najua yumo. Nikasema nilijua. Hakunipigia kelele. Alinyanyua simu akasimamisha majaribio pale pale mbele yangu, watu wote sitini, na ilimchukua dakika sita. Nimeshaziwaza sana zile dakika sita. Vichupa vyote viliamriwa virudishwe, na aliponiuliza kuhusu cha Komeo nilisema kilivunjika kwenye ajali. Hakikuvunjika. Kilikuwa kwenye friji, nyuma ya maziwa. Sijui kwa nini nilidanganya. Labda mdomo ulishazoea.

Msiba ulikuwa mbaya kuliko kawaida ya misiba. Watu walikuja kumshika mama wa marehemu asije akaanguka, wakamkuta anapanga viti. Aliwapokea, akawauliza za safari, akahakikisha wazee wamepata maji. Makaburini alisimama wima akitazama, mkono ukining'inia kwenye bandeji. Shangazi yetu mmoja alininong'oneza kwamba huyu mwanamke moyo wake jiwe, na mwingine akasema afadhali baba yake mtoto aliondoka mapema. Sikumtetea. Kumtetea kungenilazimu nieleze, na nilikuwa nimechoka kujieleza hata kwangu mwenyewe. Walipoondoka, hakuna aliyemuaga kwa kumshika.

Nilijua dawa itamtoka, maana tangu siku ya ajali hakudondoshewa tena: nilimwambia vichupa vyote vimeamriwa virudishwe, naye hakukiulizia. Kila asubuhi nilimchunguza kama ninavyochunguza panya: kala kiasi gani, macho yakoje, anashtuka kijiko kikidondoka au hashtuki. Siku saba, hakuna. Siku ya tisa, alasiri, alikuwa kitandani kwa Swali anakunja sare za shule ili zipewe mtoto wa jirani. Gari likapiga honi huko nje. Mabega yake yakaruka.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni: huyo, amerudi. Nilimwona anatazama mlango, anatazama dirisha, pumzi zinakuwa fupi, mkono mzima unatafuta ukuta. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika, kama nilivyomshika mara mia moja zamani, nikamwambia vuta pumzi, mimi nipo. Safari hii hakusema leo ndiyo mwisho. Aliikumbatia ile sketi ndogo na ikamtoka sauti ambayo sikuijua, ya chini, ikaendelea na kuendelea, hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Yale ya siku tisa yalimjia yote kwa mpigo.

"Alikuwa ananivuta nyuma," akasema alipoweza. "Mkono wake mdogo, kaka, alikuwa ananivuta kwa nguvu zake zote. Aliniambia mama, gari. Mimi nikamwambia, usiwe mwoga kama mama alivyokuwa."

Nilimpapasa mgongo. Alilia jua likasogea kutoka kitandani hadi ukutani. Akainua uso. Macho yalikuwa ya mdogo wangu kabisa, yale ya utotoni, yanayoona kila kitu kinachoweza kutokea.

"Wewe ulijua. Ulikuja ukaniambia habari za panya, kwa hiyo ulijua. Kwa nini hukuninyang'anya?"

Nilisema nilitaka kusubiri mwisho wa wiki. Nilijisikia ninavyolisema. Akaniuliza tena, kwa nini hukuninyang'anya, si kwa ukali, alitaka tu kujua. Akauliza mara ya tatu, na ya nne, kwa maneno yale yale, jinsi alivyokuwa akikagua mlango, na kila mara nilimpa jibu tofauti, na kila jibu lilikuwa la kweli na halikumtosha. Kisha mwili ukaanza kumtetemeka upya, meno yakigongana, akanishika shati.

"Kile kichupa kipo?"

Ningesema kilivunjika. Uongo huo nilikuwa nao tayari, ulishakwenda mjini na kurudi, na mara hii ungekuwa uongo mwema. Nilimtazama mama wa watu akitetemeka juu ya nguo za mwanawe, na najua, mimi niliyekaa na viumbe wanaoumwa miaka kumi na tisa, kwamba maumivu yale yalikuwa haki yake na yalikuwa ndiyo mapenzi yenyewe. Akafungua mdomo kuniuliza tena.

Nikaenda kwenye friji. Nilimshika kidevu, akainua kichwa kama mtoto, nikadondosha mawili huku, mawili kule. Tulikaa. Baada ya nusu saa mkono ukalegea kwenye shati langu. Alijifuta uso, akamalizia kukunja zile sare, akazipanga vizuri, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaenda jikoni kuwasha jiko.

Kichupa kimebaki na matone ya siku kumi na moja. Vingine viko kwenye friji la taasisi, na ufunguo bado ninao, barua ya kufukuzwa haijaja, kwa kuwa panya bado wapo na lazima mtu awalishe. Watu wakisikia watasema nilimwonea huruma. Sikumpa kwa huruma. Nilimpa ili asiniulize tena, na hajaniuliza.